Kaya ya mfumaji wa Colne katika sensa za 1841 na 1851: je, mke huyu ni yule yule?

Mama Wawili, Lancashire

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa wale wenye uzoefu wa kusoma kumbukumbu za sensa za Uingereza za enzi ya Malkia Victoria, kwani nimefika mahali ambapo kila nikidhani nimepiga hatua najikuta nimerudi nilipoanzia.

Mimi ni Mtanzania niliyeolewa huku Lancashire. Baba mkwe wangu alipofariki mwaka jana aliniachia bahasha ya karatasi za ukoo wao, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye jioni na kumuuliza habari za wazee wake. Upande wangu, wanangu nimekwisha kuwahesabia mababu hadi kizazi cha sita, kama nilivyohesabiwa na bibi yangu. Upande wa baba yao nataka wapate vivyo hivyo, ingawa huku nasaba haitoki mdomoni mwa bibi bali katika madaftari ya serikali na ya kanisa.

Ukoo huu ulikuwa wa wafumaji wa nguo za pamba katika mji wa Colne, kaskazini-mashariki mwa Lancashire, karibu kabisa na mpaka wa Yorkshire. Katika sensa ya tarehe 6 Juni 1841 nimewakuta watu watano pamoja: mwanamume wa miaka 40, ambaye mbele ya jina lake zimeandikwa herufi H.L.W., nilizoelezwa kuwa ni kifupisho cha mfumaji wa mtambo wa mkono. Mwanamke aitwaye Mary, miaka 35. Na watoto watatu, msichana wa miaka 14, mvulana wa 11 na msichana wa 7. Chini yao yupo bibi kizee wa miaka 65 mwenye jina jingine la ukoo, ambaye nimemchukulia kuwa ni mama wa mmoja wao. Ukimwondoa yule mwanamume, hakuna hata mmoja aliyeandikiwa kazi.

Katika sensa ya tarehe 30 Machi 1851, mkuu wa kaya ana miaka 52 na bado ni mfumaji wa mtambo wa mkono. Mkewe Mary ana miaka 45, na kazi yake ni kuzungushia nyuzi kwenye bobini. Mwana wa miaka 21 na binti wa miaka 17 ni wafumaji wa mitambo ya mvuke. Halafu yupo mvulana wa miaka 12, mwenye jina jingine la ukoo, ambaye katika safu ya uhusiano na mkuu wa kaya ameandikwa kwa neno ambalo kwa Kiingereza cha leo maana yake ni mkwe, yaani mume wa binti. Wa mwisho ni mtoto wa kiume wa miaka 5, aliyeandikwa kuwa ni mwanafunzi. Huyu wa miaka 5 ndiye tunayemtafuta, kwa kuwa ndiye baba wa babu yake baba mkwe wangu.

Yananitatiza mambo matatu. Kwanza, mwanamume huyu ameongezeka miaka 12 katika muda usiofika miaka 10. Pili, siamini kwamba katika nyumba ya mfumaji maskini mke na binti wa miaka 14 walikaa tu bila kazi. Tatu, mtoto wa miaka 12 anakuwaje mkwe? Katika ile bahasha upo mchoro wa nasaba uliochorwa zamani na shangazi wa mume wangu, nao unamtaja Mary kuwa mama wa watoto wote. Nilikuwa tayari kuunakili kama ulivyo, lakini huyu mkwe mdogo ameninyima usingizi.

Karani Mstaafu, Morogoro

Mama Wawili, pole kwa msiba, na hongera kwa kuishika kazi aliyokuachia mzee. Nilikuwa karani wa sensa mwaka 1988 na msimamizi mwaka 2002, kwa hiyo nitajibu yale yanayohusu mkono wa karani, maana sehemu kubwa ya utata wako imezaliwa hapo.

Umri usikusumbue. Mwaka 1841 makarani waliagizwa kwamba mtu yeyote mwenye umri wa miaka 15 au zaidi aandikwe kwa kushusha umri wake hadi kwenye tano iliyo chini yake, na ni watoto pekee walioandikwa umri wao halisi. Mtu wa miaka 42 aliandikwa 40, na mwanamke wa miaka 35, 36, 37, 38 au 39 aliandikwa 35. Kwa hiyo bwana huyu hakuongezeka miaka 12. Alikuwa na 42 mwezi Juni 1841, na miaka tisa na miezi tisa baadaye akawa na 52. Makarani wengine hawakulifuata agizo hilo, lakini wako inaonekana alilifuata.

Jambo la pili ni kwamba unachokisoma si dodoso lenyewe. Karatasi ziliachwa kwa kila kaya siku chache kabla, zikakusanywa Jumatatu, na pale ambapo hakuna aliyejua kuandika, karani alijaza mwenyewe kwa kuuliza mlangoni. Baada ya hapo alinakili yote katika kitabu, na vitabu hivyo ndivyo vilivyohifadhiwa. Zile karatasi za kaya hazikuwekwa. Herufi H.L.W. ni za karani aliyekuwa akiandika neno lile lile mtaa mzima, wala si za mfumaji. Nalijua jambo hilo kwa vidole vyangu: ukifika kaya ya themanini, mkono unaanza kutafuta njia ya mkato.

Tatu, na hili ndilo ningependa ulitie moyoni kuliko yote, sensa ya 1841 haikuwa na safu ya uhusiano. Safu hiyo ilianza mwaka 1851. Unaposema kwamba Mary wa 1841 ni mke, huyo umempa cheo wewe, wala si karani. Huenda ni kweli, na mara nyingi huwa ni kweli, lakini mwanamke wa makamo aliyelala katika nyumba ile usiku ule angeweza kuwa dada, shemeji au mpangaji. Sisi tumezoea kuulizwa ni nani aliyelala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa, nao waliulizwa hivyo hivyo.

Kuhusu yule bibi kizee, usitegemee maandishi yaliyochapwa upya na tovuti za nasaba. Fungua picha ya ukurasa wenyewe. Karani wa 1841 aliweka vistari viwili vya mshazari pembeni mwa majina pale nyumba inapoishia, na kistari kimoja pale kaya inapoishia ndani ya nyumba ile ile. Tazama kama kuna kistari kati ya yule msichana wa miaka 7 na bibi huyo. Kikiwepo, basi alikuwa chini ya paa lao lakini akipika chungu chake.

Na kuhusu kazi za mke na watoto: mwaka 1841 maelekezo yalisema kwamba kazi ya mke, au ya mtoto anayeishi na wazazi wake na kuwasaidia bila kuwa mwanagenzi wala kupokea mshahara, si lazima iandikwe. Mwaka 1851 maelekezo yakageuka, yakataka kazi ya mwanamke anayefanya shughuli ya kudumu zaidi ya zile za nyumbani iandikwe bayana. Kilichobadilika kati ya kurasa zako mbili ni kalamu ya karani.

Mkufunzi wa Ufumaji, Nairobi

Naomba niongeze hapo alipoachia mzee, kwa sababu agizo hilo la 1841 linaniuma kila nikilikumbuka. Mimi hufundisha ufumaji wa mkono, na nitaeleza kwa nini katika nyumba ya mfumaji neno kusaidia halitoshi kabisa.

Mtambo wa mkono haukai ukafuma wenyewe. Kabla mwanamume hajaketi, nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, zinapaswa kutandwa na kuingizwa moja moja mahali pake. Ni mamia ya nyuzi, na ukikosea mmoja, kosa linakwenda na kitambaa hadi mwisho. Kisha mtande wa pamba unapakwa uji wa unga kwa brashi ili uwe mgumu usikatike, na unapepewa mpaka ukauke. Wakishafuma kile kipande kilichopakwa, kazi inasimama, wanapaka tena. Mshindio, yaani nyuzi za upana, nao unatakiwa uwe umezungushiwa kwenye vibobini vidogo vinavyoingia ndani ya kile chombo kinachopita huku na huku. Tangu John Kay wa Bury alipobuni mwaka 1733 namna ya kukirusha chombo hicho kwa kuvuta kamba, mfumaji alikuwa na kasi kubwa kiasi kwamba bila mtu wa kumjazia vibobini angekaa mikono mitupu. Mtu huyo alikuwa ni mke au mtoto. Hata chumba chenyewe kilichaguliwa kwa ajili ya nyuzi wala si kwa ajili ya watu: pamba hupenda unyevu, hukatika hewa ikikauka, hivyo wafumaji wengi wa pamba wa Lancashire waliiweka mitambo yao vyumba vya chini, mara nyingi penye sakafu ya udongo, na watoto walikulia katika ubaridi huo.

Mfanyabiashara alitoa nyuzi na kupokea kitambaa, akalipa kwa kipande, na jina lililokuwa katika daftari lake lilikuwa moja. Ndiyo maana karani naye aliandika mfumaji mmoja. Mama Wawili, mimi ningeusoma ukurasa wako wa 1841 hivi: watu watano, mtambo mmoja au miwili, na wote watano wamo kazini, labda hata yule wa miaka 7.

Ukurasa wa 1851 unaonyesha kitu kingine, nacho ni huzuni ya aina yake. Baba bado yuko kwenye mtambo wa mkono akiwa na miaka 52, na wanawe wako kiwandani kwenye mitambo ya mvuke iliyokuwa ikimshushia baba yao malipo. Uingereza ilikuwa na mitambo ya mvuke kama 2,400 mwaka 1813. Mwaka 1833 ilikadiriwa kufika 100,000, na mwaka 1850 takriban 250,000. Wafumaji wa pamba wa mkono, ambao wanahistoria huwakadiria kuwa walizidi 200,000 katika miaka ya 1820, walikuwa wamebaki makumi machache ya maelfu. Mtu wa umri wa baba huyu hakutakiwa kiwandani, kwa kuwa wenye viwanda walipendelea wanawake na vijana. Kwa hiyo wakati ule chakula cha nyumba hii huenda kilikuwa kikitoka mikononi mwa binti wa miaka 17 kuliko mikononi mwa mkuu wa kaya.

Yule wa miaka 12 ameandikiwa kazi gani? Kama ni kiwandani, tazama kama kuna neno la nusu siku. Sheria ya 1844 iliwaruhusu watoto wa miaka 8 hadi 13 kufanya kazi katika viwanda vya nguo saa sita na nusu kwa siku, kwa sharti la kuhudhuria shule saa tatu. Sheria hiyo haikuingia katika vyumba vya chini vya wafumaji wa majumbani.

Bin Nasaba, Leeds

Nimesoma yote yaliyotangulia na nayaunga mkono. Nimebakiwa na lile la mkwe, na naomba Mama Wawili ajiandae, kwa sababu nadhani mtoto huyu ndiye mwenye ufunguo wa nyumba nzima.

Katika Kiingereza cha karne ya 19 neno hilo lilitumika pia kwa mtoto wa kambo. Uhusiano ulioletwa na ndoa uliitwa kwa jina moja, awe mume wa binti yako au mtoto aliyekuja na mkeo. Mvulana wa miaka 12, hajaoa, ana jina jingine la ukoo: huyo ni mtoto wa kambo wa mkuu wa kaya, yaani ni mtoto wa Mary aliyezaliwa na mwanamume mwingine karibu na mwaka 1838 au 1839.

Sasa rudi kwenye ukurasa wa 1841. Wakati huo mtoto huyu alikuwa na miaka 2 hivi, naye hayumo. Na wale watoto watatu, wa 14, 11 na 7, wanabeba jina la mkuu wa kaya. Kama Mary ni yule yule tangu mwanzo, itabidi tuseme kwamba alizaa na mumewe, akazaa na mwanamume mwingine mwaka 1839 akamweka mtoto pengine, kisha akaendelea kuzaa na mumewe, na mtoto akarudishwa baadaye. Yanatokea hayo duniani, lakini ipo njia fupi zaidi. Tafadhali angalia safu ya mahali pa kuzaliwa. Mwaka 1841 waliuliza tu kama mtu amezaliwa katika kaunti ile ile, wakaandika Y kwa ndiyo na N kwa hapana; mwaka 1851 waliandika parokia na kaunti. Nini kimeandikwa kwa Mary wa kwanza, na nini kwa Mary wa pili?

Mama Wawili, Lancashire

Nimefungua picha zote mbili sasa hivi, na nimekaa kimya kwa muda kabla ya kuandika.

Mary wa 1841 ana herufi Y, kwa hiyo amezaliwa Lancashire. Mary wa 1851 amezaliwa Keighley, Yorkshire. Yule mvulana wa miaka 12 naye amezaliwa Keighley, na kazi yake ni ufumaji kiwandani kwa nusu siku, kama alivyokisia Mkufunzi. Mtoto wa miaka 5 amezaliwa Colne. Na kistari kipo: ni kidogo sana, kama unywele ulioanguka kwenye karatasi, lakini kipo juu ya jina la yule bibi kizee.

Je, inawezekana karani alikosea tu mahali pa kuzaliwa?

Bin Nasaba, Leeds

Makosa ya mahali pa kuzaliwa ni ya kawaida, na kama lingekuwa ni hilo pekee nisingelikazania. Lakini kosa halimzai mtoto. Una ushahidi wa aina mbili usiotegemeana, wa mahali na wa mtoto wa kambo, na aina zote mbili zinasema jambo moja: Mary wawili. Jina hilo lilikuwa karibu katika kila nyumba ya mtaa ule, na kwa bahati mbaya umri wao unalingana, ndiyo maana shangazi aliyechora nasaba aliwaunganisha wakawa mtu mmoja. Simlaumu hata kidogo. Mfumaji aliyefiwa na mke, mwenye mtoto mdogo na mtambo unaodai vibobini, hakuweza kukaa mjane muda mrefu; na mjane mwenye mtoto mchanga, katika mji wa nguo kama Keighley ulio umbali wa kilomita 20 hivi, alikuwa na dhiki hiyo hiyo kwa upande wake.

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837, kwa hiyo karibu kila kinachotakiwa kimo ndani ya kipindi chake. Usianze na kifo cha Mary wa kwanza, kwa sababu utapata akina Mary wengi wenye jina lile. Anza na kuzaliwa kwa mtoto wa miaka 5. Faharasa ya Ofisi Kuu ya Msajili inayopatikana kwenye intaneti huonyesha jina la ukoo ambalo mama alizaliwa nalo, nayo inarudi hadi 1837. Tafuta wilaya ya usajili ya Burnley, ambamo Colne ilikuwamo, miaka ya 1845 na 1846. Ukimpata, agiza nakala ya cheti chenyewe. Mama akiwa alikuwa mjane kabla ya ndoa hii, cheti huandika majina yake yote matatu: la sasa, la mume aliyetangulia, na la kuzaliwa. Likikutana na jina la ukoo la yule mvulana wa Keighley, shauri limekwisha.

Kwa Mary wa kwanza itakubidi urudi kwenye daftari la ndoa la kanisa. Binti mkubwa alikuwa na miaka 14 mwaka 1841, hivyo tafuta kuanzia miaka ya 1825 hadi 1827, na anzia kanisa la Mtakatifu Bartholomew hapo Colne. Kabla ya 1837 daftari la ndoa halikutaja wazazi, lakini jina la ukoo la bibi harusi utalipata, na nakuomba ulilinganishe na jina la yule bibi kizee wa upande wa pili wa kistari.

Mama Wawili, Lancashire

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu, na nina cheti mkononi.

Mtoto wetu alizaliwa Colne mwezi Septemba 1845. Katika safu ya mama ameandikwa Mary, mwenye jina la ukoo la mumewe, zamani mke wa mtu mwenye jina la yule mvulana wa miaka 12, na kabla ya hapo jina la kwao. Kwa hiyo wanangu wametoka kwa Mary wa Keighley. Kazi ya baba imeandikwa mfumaji. Aliyetoa taarifa kwa msajili ni mama mwenyewe, na mahali pa sahihi pana alama ya X, na karani ameandika pembeni kwamba hiyo ndiyo alama yake. Nimeitazama alama hiyo kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote katika bahasha nzima, kwa kuwa, ingawa niliyo nayo ni nakala tu, ndicho kitu pekee katika karatasi zote hizi kinachowakilisha mkono wake mwenyewe.

Mary wa kwanza nimempata pia. Aliolewa hapo hapo Colne mwaka 1826, na jina lake la usichana ni lile lile la bibi kizee wa miaka 65. Nadhani alikuwa mama yake, au angalau jamaa yake wa karibu, aliyekuwa na chumba chake ndani ya nyumba ya binti. Nimepata kifo cha Mary kilichosajiliwa mwaka 1843, chenye umri unaofaa, na nimeagiza cheti chake ili nihakikishe. Yeye si bibi wa wanangu kwa damu, lakini siwezi kumfuta kwenye mchoro. Alijaza vibobini katika nyumba ile miaka kumi na saba, na hakuna karani aliyemwandikia kazi.

Sasa naomba mnisaidie la mwisho. Mwaka 1861 kaya iko Colne bado, na kijana wetu ana miaka 15 na ni mfumaji wa kiwandani. Mwaka 1871 simpati Colne kabisa, wala mama yake. Wamekwenda wapi?

Mkufunzi wa Ufumaji, Nairobi

Tazama tarehe, Mama. Sensa ya 1861 ilifanyika tarehe 7 Aprili. Siku tano baadaye, tarehe 12 Aprili, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza kwa mizinga ya Fort Sumter. Pamba iliyolisha viwanda vya Lancashire ilitoka kwa sehemu kubwa katika majimbo ya Kusini, ambako ililimwa na watumwa. Meli za Kaskazini zikazifunga bandari za Kusini, na viwanda vikasimama. Katika majira ya baridi ya 1862 kuingia 1863 karibu watu nusu milioni wa Lancashire walikuwa wakiishi kwa misaada. Kwa hiyo ukurasa wako wa 1861 unaonyesha kaya yenye kazi, na sensa iliyofuata inakuja njaa ikiwa imekwisha kupita na watu wamekwisha kutawanyika. Miaka kumi ya katikati haina picha.

Wasomaji wa pwani wataielewa njaa hiyo kwa neno moja: merikani. Kile kitambaa kilichokuwa kikiletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, kilipata jina kwa nchi kilikotoka, na vita hivyo hivyo ndivyo vilivyokiadimisha sokoni kwetu, nguo za Uingereza na za India zikachukua nafasi yake.

Waliokosa kazi ya pamba walivuka kwenda kwenye sufu, ambayo wakati huo ilishamiri. Keighley ulikuwa mji wa sufu. Ningemtafuta huko, na nisingetafuta kwa jina la ukoo la baba yake.

Mama Wawili, Lancashire

Mkufunzi, Mungu akuzidishie. Nimetafuta kwa jina la yule mtoto wa kambo, na wamo wote.

Sensa ya tarehe 2 Aprili 1871, Keighley. Mkuu wa kaya ana miaka 32, ni msimamizi wa mitambo ya kufumia sufu. Ndiye yule aliyekuwa na miaka 12 na kazi ya nusu siku. Wamefuata mkewe na watoto wawili. Kisha Mary, miaka 65, mjane, na katika safu ya uhusiano ameandikwa mama. Chini yake yupo kijana wetu, miaka 25, mfumaji wa sufu, na uhusiano wake na mkuu wa kaya umeandikwa ndugu.

Majina yao ya ukoo ni mawili tofauti, na mpangaji angeweza kuandikwa mpangaji. Karani alimuuliza mwenye nyumba huyu ni nani wako, naye akajibu ndugu, kwa kuwa kweli walikuwa tumbo moja. Mchoro wa shangazi nimeuweka kando bila kuugusa, na jioni hii naanza mpya, penye nafasi ya akina Mary wawili.